Santuri za zamani: Soma lebo kabla ya kutoa fedha

Septemba 2013, sahani moja ya santuri iliuzwa katika mnada wa intaneti nchini Marekani kwa Dola 37,100. Sahani hiyo ya inchi 10 ilibeba nyimbo mbili za Tommy Johnson, mwimbaji wa blues kutoka Mississippi, na ilitolewa na kampuni ya Paramount kwa namba 12950. Nakala zilizofahamika kuwapo duniani kote zilikuwa mbili tu.

Katika nchi hiyo hiyo yako makasha yaliyojaa sahani za umri huo huo, zilizotengenezwa kwa malighafi ile ile, ambazo mwenye nazo hapati mtu wa kuzichukua hata bure. Kwa anayezitazama kutoka mbali zote ni moja: nyeusi, nzito, zenye karatasi ya mviringo katikati.

Habari za bei kubwa kama hiyo ndizo huwaingiza watu katika biashara hii, na ndizo huwatia hasara. Muuzaji husikia kwamba santuri kuukuu ina thamani, akataja bei kwa kuhesabu miaka. Mnunuzi mwenye mtaji mdogo naye huona jina la mwimbaji maarufu, akatoa fedha. Wote wawili huwa wamepima kitu kisichopimika hivyo. Bei ya santuri haitokani na umri wala sifa ya wimbo. Hutokana na toleo, idadi ya nakala zilizobaki na hali ya nakala iliyo mkononi. Mambo mawili ya kwanza husomwa kwenye lebo na kwenye eneo jembamba lililo wazi kando yake.

Bidhaa yenyewe

Santuri zinazozungumzwa hapa ni zile zinazovunjika kama kigae na kuzungushwa mara 78 kwa dakika. Zilitengenezwa kuanzia miaka ya 1890, na nchi nyingi ziliziacha kuelekea mwaka 1960. India iliendelea kuzitengeneza hadi ndani ya miaka ya 1960.

Malighafi yake kuu ni shelaki, utomvu unaotolewa na wadudu wadogo wanaoishi kwenye matawi ya miti, hasa India. Ni ndugu wa lakiri iliyotumika kufungia barua na vifurushi vya posta. Kiwandani shelaki ilichanganywa na unga wa mawe, masizi na nyuzi za pamba, ikapashwa moto, kisha ikagandamizwa kati ya kalibu mbili za chuma. Unga wa mawe ndio unaoipa sahani uzito na kuiwezesha kustahimili sindano ya chuma. Sahani ya inchi 10 huchukua muziki wa dakika tatu hivi kila upande, na ya inchi 12 dakika nne au zaidi kidogo.

Kazi ya kwanza ya mnunuzi ni kutofautisha bidhaa hii na sahani za plastiki. Sahani za plastiki zenye nyimbo nyingi, za mizunguko 33, zililetwa sokoni na Columbia ya Marekani mwaka 1948. Zile ndogo za mizunguko 45 zililetwa na RCA Victor mwaka 1949. Sahani ya shelaki haipindi. Ikigongwa polepole kwa ukucha hulia kama kigae, wakati plastiki hutoa mlio mfu. Hata hivyo, baadhi ya sahani za 78 za miaka ya mwisho zilitengenezwa kwa plastiki, hivyo ni lazima kusoma maandishi pia.

Umaarufu hushusha bei

Wengi hudhani kwamba mwimbaji mkubwa ana bei kubwa. Katika soko hili mara nyingi ni kinyume, na sababu yake ni ya kawaida kabisa ya kibiashara: kilichouzwa kwa wingi kimebaki kwa wingi.

Mfano wa kwanza ni Enrico Caruso, mwimbaji wa opera wa Italia. Alirekodiwa Milan mwezi Aprili 1902 na wajumbe wa Gramophone Company ya London. Kwa miaka mingi baada ya hapo sahani zake ziliuzwa Ulaya na Marekani kwa idadi kubwa mno. Zile za mwanzo kabisa zina wanunuzi wake maalumu, lakini nyingi zilizofuata ni za kawaida sokoni.

Hapa pana mtego mmoja. Sahani nyingi za Caruso zina muziki upande mmoja tu, na mnunuzi mgeni hudhani hiyo ni dalili ya ukale na uadimu. Ukweli ni kwamba Victor ya Marekani iliendelea kutoa sahani za upande mmoja katika daraja lake la juu, lenye lebo nyekundu, hadi mwaka 1923, ingawa sahani za pande mbili zilikuwa zimekwisha kuwa jambo la kawaida. Upande mmoja peke yake hauthibitishi lolote.

Mfano wa pili ni "White Christmas" ya Bing Crosby. Iliuzwa kwa wingi hata kalibu mama ya rekodi ya mwaka 1942 ikachakaa, na mwaka 1947 Crosby akaitwa tena studio kuurudia wimbo ule ule. Bidhaa iliyochosha kalibu zake haiwezi kuwa adimu.

Uadimu unatoka wapi

Sahani za Paramount zinaonyesha upande wa pili wa hesabu. Kampuni hiyo ilikuwa tawi la kiwanda cha viti katika jimbo la Wisconsin, Marekani. Mfululizo wake wa namba za 12000 na 13000, ulioanza mwaka 1922, uliwalenga wanunuzi weusi, na ndani yake wamo waimbaji wengi wa blues. Malighafi ilikuwa duni, kwa hiyo sahani ziliisha upesi chini ya sindano. Mdororo wa uchumi ulioanza 1929 ukakausha mifuko ya wateja, mauzo yakaanguka, na mwaka 1932 kampuni ikaacha kurekodi. Sahani za miaka hiyo ya mwisho zilichapwa chache, zikachezwa hadi zikaisha, na zilizobaki zinahesabika.

Sababu nyingine ya uadimu ni Vita Kuu ya Pili. Shelaki ilitoka Asia na ilihitajiwa kwa kazi za kijeshi. Aprili 1942 serikali ya Marekani ilipunguza matumizi ya shelaki katika santuri kwa asilimia 70. Wananchi wakahimizwa kurudisha sahani zao kuukuu ili zisagwe na kutengenezwa mpya. Zilizosagwa hazikuchaguliwa. Ya thamani na isiyo na thamani zilikwenda kwenye kinu kimoja.

Mbwa mmoja, wenye mali wengi

Lebo inayofahamika zaidi Afrika Mashariki ni ile yenye mbwa anayesikiliza gramafoni, yaani His Master's Voice, au HMV. Mchoro huo ni wa Francis Barraud, na Gramophone Company iliununua mwaka 1899. Kabla ya hapo alama ya kampuni ilikuwa malaika anayeandika kwa kalamu. Kwenye lebo za Uingereza mbwa alianza kutumika mwaka 1909. Kwa hiyo sahani ya Uingereza yenye malaika na isiyo na mbwa ni ya miaka ya mwanzo, na zile za kwanza kabisa hazina karatasi, bali maandishi yake yamechorwa kwenye sahani yenyewe.

Kosa la kawaida ni kudhani kila sahani yenye mbwa ni ya kampuni moja. Haki ya alama hiyo iligawanywa. Marekani mwenye mbwa alikuwa Victor, kampuni iliyoundwa 1901 na kununuliwa na RCA mwaka 1929. Ujerumani, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mbwa alibaki mikononi mwa Deutsche Grammophon hadi mwaka 1949. Kwa kuwa kampuni hiyo haikuruhusiwa kumtumia nje ya Ujerumani, sahani zake za kuuza nje zilipewa jina la Polydor. Nayo kampuni ya Uingereza, iliporudi Ujerumani mwaka 1925, ilibidi itumie jina jipya la Electrola.

Kwa mfanyabiashara maana yake ni moja: asimtazame mbwa, asome jina. "Victor" ni Marekani. "La Voce del Padrone" ni HMV ya Italia, na "La Voix de son Maître" ni ya Ufaransa. Sahani ya "Die Stimme seines Herrn" ni ya Ujerumani. Rekodi moja inaweza kuwa imetolewa chini ya majina haya kadhaa. Mkusanyaji anayetafuta toleo la nchi ilikorekodiwa hatalipa bei hiyo kwa toleo la nchi nyingine.

Mwaka 1931 Gramophone Company iliungana na Columbia ya Uingereza na kuwa EMI, lakini lebo zote mbili ziliendelea kutolewa mbalimbali. Lebo ya HMV ilibaki na mbwa na ya Columbia ikabaki na noti zake mbili za muziki, hivyo muungano huo hauonekani kwa kutazama picha tu.

Rangi na umbo la lebo

Katika miaka ya santuri rangi ya lebo ilikuwa tangazo la bei dukani. HMV ya Uingereza ilitumia lebo nyekundu kwa waimbaji na wapigaji wa daraja la juu. Herufi zilizotangulia namba zilikuwa DA kwa inchi 10 na DB kwa inchi 12. Lebo nyeusi zilikuwa na E na D. Muziki wa kawaida uliwekwa kwenye lebo ya rangi ya zambarau, kwa herufi B na C. Mnunuzi wa leo asidanganywe na daraja hilo. Bei ya dukani ya mwaka 1930 ilipima hadhi ya msanii wakati ule, na nyekundu nyingi zimebaki kwa wingi kuliko zambarau fulani ambazo hakuna aliyejali kuzitunza.

Victor ya Marekani hutambulika zaidi kwa umbo la mapambo. Lebo ambayo wakusanyaji huiita ya bawa la popo, kwa jinsi pambo lake linavyotanuka pande mbili juu ya tundu, ilitumika kati ya 1914 na 1926 hivi. Baada yake ikaja lebo yenye mapambo ya mikunjo kuzunguka ukingo, hadi mwaka 1937 hivi. Jina la RCA Victor lilipandishwa juu ya lebo mwaka 1946. Kwa hiyo wimbo wa 1920 unaokutwa kwenye lebo yenye maneno RCA Victor ni toleo la baadaye, na hauwezi kuuzwa kama wa kwanza.

Eneo tupu karibu na lebo

Kati ya mwisho wa mistari ya sauti na ukingo wa karatasi kuna nafasi isiyo na muziki. Wauzaji wengi hawaitazami kabisa, lakini mnunuzi mzoefu huanza hapo. Humo hukutwa namba ya kalibu, ambayo ni tofauti na namba ya orodha iliyochapwa kwenye lebo. Namba ya orodha inahusu bidhaa dukani. Namba ya kalibu inahusu rekodi yenyewe, na mara nyingi hufuatiwa na tarakimu ya kuonyesha ni jaribio la ngapi la kurekodi wimbo huo.

Pia kuna alama za mtambo uliotumika. Kabla ya 1925 waimbaji walielekeza sauti kwenye bomba lililotanuka mdomo kama tarumbeta, na mtetemo wenyewe ndio ulioendesha kichongeo. Mwaka 1925 ilikuja maikrofoni na umeme. HMV waliziwekea sahani za mtambo mpya alama ya pembetatu baada ya namba ya kalibu. Kuanzia 1931, mtambo wao wenyewe ulipoanza kazi, alama ikawa mraba. Columbia walitumia herufi W ndani ya duara. Victor waliandika VE ndani ya yai.

Alama hizi zina uzito wa fedha kwa sababu namba moja ya orodha inaweza kubeba rekodi mbili tofauti. Sahani ya Victor 19427 ya Vernon Dalhart ilirekodiwa mwaka 1924 kwa njia ya bomba. Mauzo yalipokuwa makubwa, kampuni ilirekodi upya mwaka 1926 kwa umeme ikaacha namba ile ile. Kwenye orodha ya muuzaji sahani hizo mbili huonekana sawa. Eneo tupu ndilo linaloonyesha ni ipi.

Aidha, sahani za HMV zilizochapwa Uingereza huwa na herufi ndogo pembeni zinazotaja kalibu ya kugandamizia. Herufi hizo hutoka katika neno GRAMOPHLTD: G ni 1, R ni 2, A ni 3, M ni 4, O ni 5, P ni 6, H ni 7, L ni 8, T ni 9 na D ni 0. Sahani yenye herufi G peke yake imetoka kwenye kalibu ya kwanza, na yenye RA kwenye ya 23. Herufi za namba kubwa ni ushahidi kwamba sahani iliuzwa sana. Hata hivyo G pekee haitoshi kuleta bei, kwa kuwa hata sahani isiyo na mnunuzi ilikuwa na kalibu ya kwanza.

Rekodi moja, lebo nyingi

Kampuni za Marekani za miaka ya 1930 zilikuwa na desturi ya kuuza rekodi moja kwa lebo ya bei ya kawaida na wakati huo huo kwa lebo za maduka ya bei nafuu. Robert Johnson, mpiga gitaa wa blues aliyerekodiwa Texas mwaka 1936 na 1937, ni mfano mzuri. "Terraplane Blues" ilitoka kwenye Vocalion kwa namba 03416. Vilevile ilitoka kwenye lebo za Perfect, Oriole na Romeo, zote kwa namba moja ya 7-03-56.

Namba ya aina hiyo inasomeka kama tarehe: 7 ni mwaka 1937, 03 ni mwezi Machi, na 56 ni nafasi yake katika orodha ya mwezi huo. Mtu asiyejua hilo anaweza kuiacha Perfect kwa kudhani ni nakala ya baadaye, kumbe imetoka wakati mmoja na Vocalion, kwenye rekodi ile ile. Anayejua huinunua kwa bei ya asiyejua. Biashara nzima ya santuri imejengwa juu ya tofauti hiyo ya maarifa.

Santuri za Afrika Mashariki

Santuri za kibiashara kwa Kiswahili zilianza kupata nguvu mwaka 1928, wakati Siti binti Saad wa Unguja na wenzake walipokwenda Bombay kurekodiwa na HMV. Habari za maisha yake ziliandikwa na Shaaban Robert katika kitabu cha wasifu wake. Kampuni nyingine za Ulaya, zikiwamo Odeon na Columbia, nazo ziliingia katika soko hilo. Baada ya Vita Kuu ya Pili zikatokea lebo za hapa hapa, kama Jambo ya Nairobi na Mzuri ya Mombasa.

Kutoka kusini ilikuja Gallotone ya Johannesburg. Hiyo ndiyo iliyotoa sahani za Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyeimba kwa Kiswahili, baada ya Hugh Tracey kumrekodi Jadotville mwaka 1952. Kongo ilikuwa na lebo yake ya Ngoma, iliyoanzishwa Léopoldville mwaka 1948. HMV nao walikuwa na mfululizo wa GV, ulioanza 1933, uliopeleka muziki wa Cuba kwenye masoko ya Afrika.

Sahani hizi zina sifa mbili zinazotakiwa na soko. Ya kwanza, zilitengenezwa kwa eneo dogo la wanunuzi. Ya pili, maisha yake yalikuwa magumu: zilichezwa kwa gramafoni za kupiga ufunguo, kwa sindano za chuma ambazo aghalabu hazikubadilishwa kila upande kama ilivyoagizwa, na zikahifadhiwa katika joto na unyevu wa pwani. Iliyobaki ikiwa safi ni jambo la nadra.

Lakini kasoro ya soko hili lazima itajwe. Wanunuzi wake ni wachache: hifadhi za sauti, watafiti na wakusanyaji wa muziki wa Afrika. Bei huamuliwa na watu wachache wanaofahamiana, na sahani inaweza kukaa miaka kabla ya kupata mwenyewe. Kwa familia yenye sahani za bibi au babu yao aliyeimba, hatari ni nyingine. Dalali hununua kasha zima kwa bei ya kasha. Ndani yake huenda imo nakala ambayo hakuna hifadhi iliyo nayo, na ikishaondoka sauti hiyo haipatikani tena nyumbani. Kabla ya kuuza, familia ipige picha kila lebo, inakili namba zote mbili, na itafute mtu wa kunakili sauti. Hatua hiyo haipunguzi bei, na humpa muuzaji orodha ya kujadilia.

Ifahamike pia kwamba kununua sahani si kununua haki ya wimbo. Marekani, kwa sheria ya mwaka 2018, rekodi zilizotolewa kabla ya 1923 zilifunguliwa kwa umma Januari 1, 2022, na nyingine zinafuata kwa zamu. Kila nchi ina utaratibu wake, na anayetaka kutoa upya nyimbo za zamani aanzie ofisi ya hakimiliki.

Hali ya sahani

Wauzaji wa kimataifa hutumia madaraja ya herufi: N kwa mpya, E kwa bora, V kwa iliyochezwa lakini inasikika vizuri, G kwa iliyochakaa lakini inachezeka, F kwa iliyochakaa sana, na P kwa mbovu. Huongezwa alama ya kujumlisha au kutoa ili kueleza zaidi. Mgeni huiona G akadhani ni nzuri, kwa kuwa kwa Kiingereza herufi hiyo husimama badala ya neno lenye maana hiyo. Sokoni ni daraja la nne kati ya sita.

Sahani ikaguliwe kwenye mwanga mkali, ikiinamishwa taratibu. Weupe au rangi ya majivu kwenye mistari ni dalili ya kuliwa na sindano, na hakuna dawa ya hilo. Ufa mwembamba huonekana zaidi upande mmoja kuliko mwingine, hivyo pande zote mbili zitazamwe. Kumeguka ukingoni bila kufikia muziki hupunguza bei, kukifikia muziki huiangusha.

Spiriti isitumike kamwe kusafishia, kwa sababu shelaki huyeyuka ndani ya spiriti, na dakika moja ya usafi inaweza kufuta mtaji wote. Maji ya uvuguvugu yenye sabuni laini kidogo yanatosha, lebo isilowe, na sahani ikaushwe mara moja. Zihifadhiwe zikiwa zimesimama, mbali na jua, kwani zikilazwa kwa rundo hujipinda na za chini hupasuka.

Matoleo ya baadaye na bandia

Kalibu za zamani hazikutupwa zote. Baadhi ya rekodi maarufu zilichapwa upya miaka mingi baadaye kwa ajili ya wakusanyaji wenyewe. Hizo ni bidhaa halali, lakini si toleo la kwanza.

Bandia hutokea pale penye bei. Mfano wa wazi ni sahani za 78 za Beatles. Zipo za kweli, kwani Gramophone Company ya India ilizichapa kwa lebo ya Parlophone katika miaka ya 1960, na hutafutwa sana. Lakini sahani ya kwanza ya Beatles ilitoka Uingereza Oktoba 1962, wakati kampuni kubwa za huko zilikuwa zimekwisha kuacha mizunguko 78. Sahani ya namna hiyo inayodai kuchapwa Uingereza itiliwe shaka papo hapo. Kanuni ni kulinganisha tarehe ya wimbo, tarehe ya lebo na nchi ya uchapaji. Vitatu visipokubaliana, fedha zibaki mfukoni.

Hesabu ya mwenye mtaji mdogo

Tuseme mfanyabiashara ananunua kasha la sahani 60 kwa Sh 300,000. Kwa haraka atasema kila sahani imemgharimu Sh 5,000. Akizikagua akakuta 45 ni za kawaida zisizo na mnunuzi, 10 zina nyufa au zimeliwa, na 5 zinauzika, basi mtaji wake wote umelala juu ya hizo 5. Kila moja imemgharimu Sh 60,000 kabla ya kufungasha, posta na ada ya mnada. Sahani ya inchi 10 ina uzito wa karibu gramu 200, kwa hiyo posta ya nje si gharama ndogo, na inayovunjika njiani ni hasara ya muuzaji.

Hesabu hiyo hufanywa kabla ya kununua, si baada. Mnunuzi aliye makini hufuata mpango huu: kwanza huangalia hali, kwa kuwa sahani iliyopasuka haihitaji utafiti. Pili husoma jina la lebo, rangi na maandishi ya nchi. Tatu hunakili namba ya orodha na namba ya kalibu pamoja na alama zake. Nne hutafuta bei ambazo nakala kama hiyo ilikwisha kuuzwa minadani, kwa kuwa bei inayotajwa na muuzaji bila kupata mnunuzi si bei ya soko. Mwisho hutoa bei kwa kuhesabu zile zinazouzika tu, na kuzichukulia zilizobaki kuwa ni mzigo wa kubeba.

Santuri si bidhaa ya kugeuza fedha kwa wiki moja, wala haifai kuwekewa ada ya shule au mtaji wa duka. Inamfaa mwenye fedha za ziada na saa za kutosha za kukaa na taa na kioo cha kukuzia maandishi. Asiye na saa hizo atakuwa anamlipa aliye nazo.